Vyuma vya Laith

Kwata ya kimya haina amri. Vikosi vingine vya chuo cha jeshi, pale Nizwa, vilikwenda kwa sauti ya mkufunzi, sauti iliyofika mpaka kwenye mitende ya nje ya ukuta, lakini kikosi cha kimya kilikwenda kwa kisigino cha mtu mmoja. Mtu huyo alisimama katikati ya wenzake, na nafasi yake waliiita qalbi, yaani moyo. Visiginoni mwa buti zake vilipigiliwa vyuma viwili vyembamba, vilivyopinda kama mwezi mchanga. Buti za wengine hazikuwa na chuma. Kwa hivyo katika uwanja mzima kilisikika kisigino kimoja, tak, tak, na wote waliobaki walikifuata: wakageuka, wakapishana, wakarusha bunduki zenye singe na kuzidaka, na hapana aliyefungua mdomo.

Taimur bin Khalaf, kijana wa Nizwa, alikuwa na nafasi yake kulia kwa qalbi. Mwezi wa Septemba, chuo kilipofunguliwa baada ya likizo, alianza kuvisikia vile vyuma vikipiga upande wake wa kushoto. Sauti yenyewe haikumtisha, aliijua. Kilichomtisha ni kwamba kushoto kwake hapakuwa na mtu, na vyuma vilikuwa mbali, mjini Ibra, ndani ya kabati la bibi mmoja aliyefiwa na mjukuu.

Mjukuu huyo alikuwa Laith bin Thuwaini, qalbi wa kikosi, aliyefariki mwezi wa Mei.

Siku ile jua lilikuwa kali mpaka lami ilinata kwenye soli. Walikuwa katika mazoezi ya mwisho kabla ya likizo. Kwa pembe ya jicho Taimur aliliona shavu la Laith, na shavu lilikuwa limekauka. Wote walikuwa wakichuruzika jasho, kola zimerowa, na Laith peke yake alikuwa mkavu kama mtu aliyetoka kujifuta kwa taulo. Midomo yake ilikuwa imepauka. Taimur aliona, akajua kuna jambo, na hakusema. Katika kikosi kile hakusemwi. Bunduki ikianguka, haiokotwi mpaka mwisho. Singe ikimpitia mtu mkononi, damu huachwa imwagike. Laith alikwenda sawasawa, hakukosa hatua hata moja, kisha akaanguka kifudifudi katikati ya duara. Na wao, waliofunzwa hivyo, wakamzunguka, wakamaliza duara kwa mazoea, wakashusha bunduki. Ndipo mkufunzi wao akaja mbio.

Daktari alisema kwamba hata kama wangeacha mara moja, huenda isingesaidia kitu. Alisema huenda. Taimur alikwenda na neno hilo likizo, na akarudi nalo.

Mkufunzi alikuwa Wakili Mahrous. Wakili kwa cheo cha jeshini, si mtu wa mahakamani. Alikuwa mtu wa mji wa Adam, mwembamba, masharubu meupe, na mwenyewe aliwahi kuwa qalbi ujanani. Yeye ndiye aliyekuwa akizijua ada za kikosi. Qalbi anapomaliza masomo, huving'oa vyuma kwenye buti zake na kumkabidhi kwa mkono wake atakayemfuata. Akifa kabla ya kuvikabidhi, vyuma hupelekwa kwa watu wake, na nafasi yake huachwa wazi mpaka kikosi kiende kuiomba. Huendwa kama waendavyo watu kuposa: kwa haluwa, kwa heshima, na kwa kukubali kwamba unaweza kurudi mikono mitupu. Vijana walikuwa wakiyasikia hayo kama hadithi. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa ameyaona.

Kwa hivyo Septemba ile walifanya mazoezi na pengo katikati. Bila ya chuma walitarajia kupotea. Walitarajia kugongana, bunduki kuanguka, wakili kuwatukana kwa lugha yote ya Adam. Hawakugongana. Walikwenda pamoja kuliko walivyopata kwenda maisha yao, na wakili, aliyekuwa amesimama kivulini, alivua kofia yake akaishika mkononi na hakuirudisha kichwani mpaka walipomaliza.

Wakati wa chakula, Hazim alijaribu kulifanyia mzaha. Hazim alikuwa mtu wa Sur, mcheshi, na nafasi yake ilikuwa upande wa pili wa pengo, kushoto.

"Tumekuwa hodari siku hizi," alisema, akimega mkate. "Nafikiri tulikuwa tukimsubiri Laith aondoke tu."

Hapana aliyecheka. Hazim mwenyewe aliuweka mkate chini, akautazama kama haujui.

"Nimesema vibaya," alisema.

"Umesema vibaya," Taimur alimjibu.

"Na wewe unasikia?"

Taimur alinyanyuka kwenda kunawa mikono.

*

Mwezi wa Oktoba wakili alimwita Taimur ghalani, mahali zilipowekwa bunduki.

"Tutakwenda Ibra," alisema. "Desemba kuna mahafali, na kikosi hakitoki na pengo mbele ya wageni. Bibi yake Laith ndiye aliyemlea. Ni katika watu wenu wa Zinjibari. Nimeambiwa Kiarabu anacho, lakini kwenye jambo zito anakiweka kando. Utakuwa ulimi wangu."

"Kiswahili changu cha jikoni tu, wakili. Cha kuombea chai."

"Basi ombea chai, kisha endelea. Na jambo la pili, wewe ndiye utakayesimama. Anayetaka nafasi huiomba kwa mdomo wake."

Taimur alitaka kukataa. Alitaka kusema kuwa nafasi ile ina mtu. Lakini maneno kama hayo huwezi kumwambia mtu wa cheo, saa nne za asubuhi, jua linawaka na mafuta ya bunduki yananukia. Akapiga saluti.

Walikwenda siku ya Alhamisi kwa njia ya Sinaw. Ilikuwa siku ya mnada, na gari ilikwama kwa muda baina ya magari yaliyopakia mbuzi. Wanawake wa Kibedui waliovaa barakoa walikuwa wakibishana bei na wanaume, na wakishinda wao. Wakili aliteremsha kioo, akaangalia mbuzi, akakipandisha. Sanduku la haluwa ya Nizwa lilikuwa magotini mwake na hakuliweka chini njia nzima.

Aliyewafungulia mlango Ibra alikuwa Khulood, dada yake Laith, msichana aliyekuwa akisomea uuguzi. Aliwakaribisha kwa Kiarabu, kwa adabu, kisha Taimur alipokuwa akivua viatu akamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili:

"Mtu akikauka jasho kwenye jua, unajua anafanyiwa nini? Kivuli na maji. Mtoto wa skuli anajua hiyo."

"Najua," alisema Taimur.

"Sasa unajua."

Bibi Thuraya alikuwa amekaa sebuleni juu ya zulia, mgongo umenyooka, leso begani juu ya nguo nyeusi. Udi ulikuwa umechomwa muda si mrefu. Taimur aliinama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Mtoto wa Khalaf bin Said, Bibi. Mama yangu watu wake wa Wete."

"Wapemba. Haya, karibuni. Na huyu mkubwa wako anataka kahawa au anataka kulia? Maana naona macho yake."

Wakili alitabasamu, kwa sababu hakufahamu. Kahawa ikaletwa, haluwa ikafunguliwa, hali zikaulizwa mpaka zikaisha. Ndipo Taimur akaeleza walichokijia. Alieleza kwa shida, akikosea mara kwa mara, akiweka neno la Kiarabu kila alipokosa la Kiswahili. Alisema kitu yake Laith wanaiomba, na sehemu yake mule katikati.

"Kiswahili gani hicho," alisema Bibi. "Kitu yake. Bibi yako yuhai?"

"Amefariki, Bibi."

"Mungu amrehemu. Angekusikia angekuchapa." Akamtuma Khulood kabatini.

Khulood alirudi na mfuko mdogo wa kitambaa cheupe. Bibi aliufungua mwenyewe, akavitoa vile vyuma, akaviweka kwenye kiganja. Vilikuwa vimesuguka upande mmoja, upande wa nje, kwa sababu Laith alikuwa na tabia ya kukanyaga kidogo kwa nje. Taimur aliitambua ile alama ya kusuguka kama anavyomtambua mtu kwa mwendo wake akiwa mbali.

"Vimelala humu tangu vilipokuja," alisema Bibi. "Havijanisumbua. Nilifikiri vitanisumbua. Nikitega sikio, hamna kitu. Chuma tu."

Taimur hakumwambia kwa nini hamna kitu Ibra.

"Nikuulize, na usinifiche," alisema Bibi. "Ulikuwa karibu naye?"

"Nilikuwa kulia kwake."

"Ulimwona?"

"Nilimwona, Bibi."

"Alikuwa mtoto wa maneno, huyu. Humu ndani hanyamazi. Anamwamsha paka kwa stori." Alivifunga vyuma ndani ya ngumi. "Akaenda kufa mahali ambapo watu hawasemi. Sikulaumu, mwanangu. Ungekuwa umefunzwa kusema ungesema. Basi sikiliza. Nafasi nakupa. Lakini nakupa kwa sharti. Atakayesimama aliposimama mjukuu wangu, asimame na mdomo wake. Akimwona mwenziwe anazidiwa, aseme. Mbele ya yeyote, siku yoyote. Ukikubali hivyo, vyuma ni vyako. Mwambie na huyo mkubwa wako, nataka akubali na yeye."

Wakili Mahrous alikuwa ameegemea mbele, kikombe mkononi, kahawa imepoa.

"Amesema nini?" aliuliza kwa Kiarabu.

Taimur alimtazama. Alimjua mtu huyu. Ada za kikosi ndiyo nyumba aliyokaa ndani yake maisha yake yote, na ada ya kwanza ni kwamba hapana mwenye ruhusa ya kusema. Akiambiwa sharti lile, angelia kwa heshima, angeomba radhi, na angekataa. Wangerudi Nizwa mikono mitupu, pengo lingebaki, na kile kisigino kingeendelea kupiga kushoto kwake mpaka amalize masomo, na pengine hata baada ya hapo.

"Amekubali," alisema Taimur. "Amesema tuvichukue."

Wakili aliweka kikombe chini, akafunika uso kwa mikono miwili. Bibi Thuraya hakumtazama wakili. Alimtazama Taimur, na ndipo Taimur alipokumbuka kuwa Bibi anakijua Kiarabu vizuri, ila ameamua kutokisema. Alisubiri Bibi afungue mdomo amuumbue.

Bibi aliufungua mkono wake, akaviweka vyuma juu ya kiganja cha Taimur, akamkunjia mwenyewe vidole juu yake. Vilikuwa na joto.

"Khulood," alisema, "wamiminie wageni kahawa."

*

Wakili alivipigilia vyuma kwa mkono wake, kwenye buti za Taimur, kwa nyundo ndogo iliyokuwa na mpini uliofungwa kamba. Siku iliyofuata Taimur aliingia katikati ya duara kwa mara ya kwanza na kukanyaga.

Tak, alisikia. Kisha, nyuma yake kidogo, tak.

Alifikiri ni ukuta wa ghala unarudisha sauti. Akapunguza mwendo, cha pili kikapunguza. Akakaza, kikakaza. Siku zote kilikuwa nyuma yake kwa upana wa pumzi moja, na siku zote kilikuwa na ule mlio mwembamba wa mtu anayekanyaga kwa nje. Kikosi kilikwenda. Si vibaya, si vizuri kama Septemba. Vijana walianza kugawanyika, nusu wakikifuata kisigino hiki, nusu kile, na kulikuwa na kitu kama ukungu kwenye mzunguko wao ambacho macho ya mgeni yasingekiona.

"Unapiga mara mbili," Hazim alimwambia siku moja walipokuwa wakisugua vifungo.

"Sipigi mara mbili."

"Mimi nasikia miguu minne. Na mwenye miguu minne ni punda. Kwa hivyo ama mimi nina wazimu, ama wewe punda."

"Chagua."

"Nilikuwa nataka uniambie wewe ni punda," alisema Hazim. "Ningelala vizuri."

Taimur alijua ni nini. Hakuhitaji kufundishwa na mtu. Amepewa nafasi kwa sharti, na sharti amelimeza. Mwenye nafasi hakuondoka kwa sababu nafasi haijatolewa sawasawa; nusu imo mkononi mwa Taimur, nusu ingali Ibra, mdomoni mwa Bibi. Dawa yake ilikuwa rahisi, kwenda kwa wakili na kumwambia.

Alikwenda. Alimkuta ghalani, anapaka mafuta.

"Wakili," alisema, "siku ile Ibra."

"Siku ile Ibra," alisema wakili, bila kuinua kichwa, "nilirudi nyumbani nikalala usingizi. Mke wangu aliniamsha alasiri akidhani naumwa. Tangu Mei nilikuwa sijalala hivyo." Akaipangusa bunduki, akairudisha mahali pake. "Ulitaka kusema nini?"

"Haluwa," alisema Taimur. "Kama waliipenda. Nilitaka kukwambia waliipenda."

Wakili aliitikia kwa kichwa, kwa shukrani, na Taimur akatoka nje. Kwenye sakafu ya saruji alisikia hatua zake zikimfuata, moja zaidi ya zilizokuwa haki yake.

*

Asubuhi ya mahafali, tangu sala ya alfajiri, kikosi kilifunga ulimi. Hiyo nayo ilikuwa ada: siku ya kutoka, hawasemi mpaka wameshusha bunduki. Walivaa kimya, wakakaguana kimya, wakanyoosheana kola. Ndipo Taimur alipomwona Hazim amekaa kwenye benchi, macho mekundu, mikono katikati ya magoti.

Alimgusa paji la uso. Lilikuwa moto. Hazim alikiondoa kile kiganja, akafanya ishara ya kidole, kwamba hamna kitu, twende. Taimur akamwonyesha mlango, upande wa zahanati. Hazim akatikisa kichwa na kucheka bila sauti, akavaa glavu zake nyeupe. Wakili alipita kati yao, akiangalia buti, na hapana aliyeweza kumwambia kitu.

Wageni walikuwa wamejaa. Kivuli cha jukwaa kiliwafunika wazee na maofisa, na kwenye safu ya mbele, mahali pa wafiwa, alikaa Bibi Thuraya na Khulood pembeni yake. Upepo ulitoka upande wa mlimani, wa baridi kidogo. Bendi ya chuo ilinyamaza. Kikosi kiliingia.

Tak. Na nyuma yake, tak.

Walikwenda mistari, wakageuka, wakafungua, wakafunga. Bunduki zilipanda na kushuka, na wageni wakaacha hata kukohoa. Taimur alisikiliza kisigino chake na kile cha pili, na baada ya kitambo akatambua kuwa cha pili hakiko nyuma tena. Kimepanda mpaka sawa naye. Kisha kikahama. Kikawa kushoto, kwa Hazim, kikimzunguka Hazim.

Alitazama kwa pembe ya jicho. Shavu la Hazim lilikuwa kavu.

Lakini siku ilikuwa ya baridi. Mashavu ya wote yalikuwa makavu, na lake mwenyewe pia. Midomo ya Hazim ilipauka, au ulikuwa mwangaza wa Desemba. Ncha ya singe yake ilitetemeka, au ni upepo. Mbele yao kulikuwa na duara, lile lile la Mei, ambapo bunduki zinarushwa kupita juu ya mabega na kila mtu lazima awe pale anapotarajiwa, kwa sababu anayekosa kuwapo, singe inamkuta.

Hazim angeweza kumaliza. Labda. Zimebaki hatua chache tu, ni kijana mwenye nguvu, na ana kiburi cha watu wa Sur. Mbele ya jukwaa lote lile, mbele ya maofisa, kikosi ambamo haijapata kusikika sauti ya mtu tangu kilipoundwa. Na wakili amesimama pale pembeni, kofia kichwani, usingizi wake umerudi.

Huenda isingesaidia kitu.

"Qif," alisema Taimur. Simameni. Alidhani amesema, kumbe amepiga kelele, na sauti ilikwenda ikagonga ukuta wa mbali ikarudi.

Visigino vyote vilisimama pamoja. Bunduki ziliganda juu ya mabega. Kisha, katika kimya kile, kikasikika kimoja tu, upande wa kushoto, hatua moja ya chuma iliyochelewa, kama ya mtu aliyekuwa mbele kidogo na hakuamini masikio yake. Tak.

Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Taimur alitoka kwenye nafasi yake, akamshika Hazim kiunoni na kumpokonya bunduki. Hazim alimtazama kwa chuki ya kweli. Magoti yake yaliinama, pengine kwa homa, pengine kwa kuvutwa. Baadhi ya wageni walipiga makofi, wakidhani ndiyo sehemu ya mchezo, kisha wakaacha mmoja mmoja.

*

Wakamlaza Hazim kwenye benchi la chumba cha buti. Khulood alikuwa ameteremka jukwaani bila kuombwa. Alishika mkono wake, akahesabu mapigo, akamwekea kitambaa cha maji.

"Nilikuwa mzima," alisema Hazim. "Mumeniaibisha mbele ya baba yangu. Nilikuwa mzima kabisa."

"Una homa kali," Khulood alimwambia.

"Ningeanguka?"

Khulood alifikiri kabla ya kujibu. "Labda. Labda usingeanguka."

"Umesikia?" Hazim alimwambia Taimur. "Labda usingeanguka. Punda." Akageuza uso ukutani.

Nje, Bibi Thuraya alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Taimur alikuwa amekwisha kuving'oa vyuma. Alimpelekea ndani ya kiganja.

"Mkubwa wangu sikumwambia, Bibi. Siku ile. Nilimwambia umekubali tu."

"Kwani mimi kiziwi? Nilikusikia unavyomwambia." Hakuvipokea vyuma. "Nilikuacha. Nikasema, nimwone huyu mtoto wa Wete, sharti amelitupa au amelificha." Alimtazama muda mrefu, bila ukali na bila upole. "Sauti yako nimeisikia leo. Imechelewa, lakini nimeisikia."

Taimur akavifumba vyuma mkononi. Bibi akaipiga ngumi yake, ile iliyoshika vyuma, mara mbili, taratibu, kama mtu anayefunga mlango, akaenda kumsubiri Khulood kwenye gari.

Wakili Mahrous alimkuta uwanjani, viti vikikunjwa, kila mtu amekwenda kula. Alisimama kando yake. Taimur akamweleza sharti lote, neno kwa neno, safari hii kwa Kiarabu kilichonyooka, kisha akamnyooshea vile vyuma.

"Ungeniambia Ibra," alisema wakili, "ningekataa."

"Najua."

"Ningekataa na ningekuwa nimekosea. Au pengine nisingekuwa nimekosea. Kesho mkuu wa chuo ataniita, na sijui nitamwambia nini. Kikosi hiki kinaweza kufungwa." Alivichukua vyuma, akavigeuza, akapitisha kidole gumba pale paliposuguka kwa nje. Alikuwa qalbi zamani. Aliyajua mapito ya kila chuma. "Ulipowasimamisha," aliuliza, akiviangalia vyuma na si Taimur, "ulisikia?"

"Nini, wakili?"

"Kile cha mwisho."

Upepo ulipita juu ya lami. Wote wawili walitega sikio, bila kukubaliana, na kulikuwa na viti tu vikigongana mbali huko, na sauti ya mtu akimwita mwenzake ale.

"Nilisikia," alisema Taimur.

Wakili alivitia vyuma mfukoni. "Usiwaambie vijana," alisema.

"Vijana wote wamesikia, wakili. Tangu Septemba."

Wakili aliutazama uwanja, mahali pa katikati, mahali ambapo lami imesuguka kuliko pengine. Alivua kofia yake.